Damu Aliyopewa Mdogo Wangu Ilichangwa na Watu Tusiowajua

Ndugu wa mgonjwa wakiambiwa "tafuteni watu wa kutoa damu", wengi huelewa kwamba damu hiyo itatoka kwenye mkono wa anayejitolea na kuingia kwenye mkono wa mgonjwa wao jioni ile ile. Sisi tulielewa hivyo. Ukoo ulijazana kwenye Noah ya kukodi, watu wakashuka hospitali wameshakunja mikono ya mashati. Hakuna hata tone moja letu lililomfikia mgonjwa wetu usiku ule. Waliomwokoa ni watu waliochanga wiki kadhaa nyuma, hatuwajui, nao hawajui kama tupo.

Tangu hapo nimekesha hospitali na wagonjwa wawili wa kuongezewa damu, kwanza mdogo wangu, baadaye mama. Mengi niliyoyaona ni mambo ambayo mtu angepaswa kuyajua akiwa bado ametulia nyumbani, maana ukishakuwa kwenye korido ya wodi saa nne za usiku, akili haikai sawa.

Mdogo wangu ameolewa katika wilaya moja ya Mkoa wa Tanga. Tumbo lilianza kumuuma upande wa kulia, akasema ni chango, akachemshiwa dawa. Duka la dawa wakamwongezea vidonge vya maumivu. Kesho yake alipoinuka kwenda msalani akaanguka. Nilipofika walikuwa wameshamfikisha hospitali ya wilaya, midomo imepauka, viganja vyeupe, jasho la baridi linamtoka, na alichokilalamikia zaidi si tumbo bali bega. Tukatazamana. Tumbo na bega wapi na wapi? Daktari wa zamu aliposikia habari ya bega ndipo alipoanza kwenda mbio. Baadaye alitufafanulia: mimba ilitunga kwenye mrija, nje ya kizazi, mrija ukapasuka, damu ikamwagika tumboni hadi ikafika kwenye kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mishipa ya fahamu ya pale huyapeleka maumivu begani. Hedhi ilikuwa imepitiliza kidogo, mwenyewe hakutilia maanani. Ukiwa na dada, mke au binti wa umri wa kuzaa, na mambo hayo yamekutana, yaani hedhi kupitiliza, maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, bega, usimpe vidonge ukangoja kupambazuke.

Kipimo cha wingi wa damu kilisoma 5 na nukta, ilhali mwanamke mzima asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Tukapewa karatasi ya kupeleka maabara: chupa tatu za damu nzima, haraka.

Damu nzima ni ile iliyotoka kwa mchangiaji ikabaki ilivyo. Chembe nyekundu zinazobeba hewa, plazima ambayo ndiyo maji ya damu, chembe sahani za kugandisha, vyote humo humo, pamoja na dawa ya kuizuia isigande na chakula kidogo cha kuziweka chembe hai. Kwenye nchi tajiri hospitali nyingi hazikuwa zikiitumia tena kwa miongo kadhaa, kwa sababu mfuko mmoja ukitenganishwa unaweza kuwahudumia wagonjwa watatu, na sasa baadhi zimeanza kuirudia kwa majeruhi wanaomwaga damu nyingi. Huku kwetu hospitali nyingi za wilaya hazijawahi kuiacha, kwa sababu mashine ya kuizungusha na kuitenganisha hazinayo. Kwa mdogo wangu ilikuwa ndiyo hasa iliyotakiwa. Mtu anayemwaga damu kwa kasi hapotezi chembe nyekundu peke yake, anapoteza vyote kwa mkupuo, hata maji ya kuijaza mishipa.

Basi tukapanga foleni nje ya maabara. Naomba niseme jinsi foleni ile ilivyopukutika, kwa sababu ndicho kitu kinachowashangaza watu wengi.

Mjomba alikuwa wa kwanza. Ana zaidi ya miaka 65 na anakunywa dawa za presha. Akashukuriwa, akaambiwa akae. Kijana wa jirani alikuwa ndiyo kwanza amemaliza dozi ya malaria. Wifi yetu ananyonyesha. Binti wa shangazi hakufika kilo 50. Binamu mmoja, mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, alinukia konyagi, akatolewa kabla hajafika mezani. Shemeji, mume wa mgonjwa, ndiye aliyeumia zaidi, maana alijiona yeye ndiye mwenye haki ya kwanza. Mtaalamu alimweka pembeni akamweleza kwa upole kwamba damu ya mume haifai kupewa mke ambaye bado anatarajia kuzaa: mwili wa mke unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya chembe za mume, kisha kingamwili hizo zikaja kumdhuru mtoto wa baadaye aliyerithi chembe za baba. Anaweza kuchanga, lakini iende kwa mgonjwa mwingine. Akachanga. Hata damu ya mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja si bora kama watu wanavyodhani. Chembe nyeupe za mtu wa karibu sana huweza kujificha mwilini mwa mgonjwa, zisitambulike kuwa ni ngeni, halafu zikaanza kumshambulia. Hutokea kwa nadra, ila ikitokea tiba huwa ni ngumu mno. Kwa hiyo yale maneno ya "damu ya ndugu ndiyo salama" yana walakini.

Zamu yangu ilipofika nilichomwa ncha ya kidole, tone likadondoshwa kwenye kikombe cha maji ya buluu. Nikauliza ni nini. Mrututu, ule ule. Maji yale yamepimwa uzito kwa makini, kiasi kwamba tone lenye damu ya kutosha, kuanzia 12.5, huzama, na tone la mtu mwenye upungufu huelea au husitasita katikati. Langu lilizama moja kwa moja likatua chini likiwa duara. La dada aliyenifuata lilishuka kidogo, likasimama, likaanza kupanda. Yule dada alikuwa mzima kabisa kwa kumtazama, akacheka, kisha akanyamaza. Aliandikiwa vidonge vya madini ya chuma na kuambiwa arudi kupimwa.

Kuna jambo pale halikunipendeza. Maswali ya dodoso ni ya siri: umelala na nani, umewahi kujidunga, umewahi kuugua kaswende. Tuliulizwa kwenye benchi moja, wakwe upande huu, mashemeji upande ule. Nani atasema kweli mbele ya mama mkwe? Na ukweli hapo ni muhimu kuliko kipimo chenyewe, kwa sababu mtu aliyeambukizwa VVU majuzi tu anaweza kupimwa na kipimo kisione kitu, huku damu yake imeshakuwa na virusi. Ukiona mazingira ni hayo, omba chumba, una haki hiyo. Na ukishindwa kusema mbele za watu, rudi baadaye, mwambie mtaalamu faraghani kwamba chupa yako isitumike. Hatakuuliza zaidi.

Getini nako kulikuwa na kijana aliyetuona tunavyohangaika. Akanivuta: "Bro, mtu yupo, elfu themanini chupa moja, sasa hivi." Shemeji alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Kwa bahati mama mmoja wa maabara alitoka kuvuta hewa akatukuta, kijana akayeyuka. Damu nchini kwetu haiuzwi, na mtu anayeishi kwa kuuza yake ana kila sababu ya kuficha maradhi yake na ya kuchanga kabla mwili haujarudisha ile ya awali. Isitoshe, fedha ile isingetuharakishia chochote: hata damu yake ingebidi ipite njia ile ile ya vipimo.

Hapo ndipo yule mama aliponieleza kile ambacho hakuna aliyekuwa ametuambia tangu jioni. "Hizi mnazotoa, mwanangu, ni za mgonjwa wa wiki zijazo. Wenu anakunywa za waliotangulia."

Kila chupa ni mililita 450, kati ya lita 5 hivi alizonazo mtu mzima. Hupimwa kundi, kisha hupimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Sampuli za kwetu zingesafirishwa hadi kituo cha kanda, majibu yakarudi, ndipo mifuko itolewe kwenye friji ya karantini na kuingia kwenye friji ya damu iliyo tayari. Damu nzima hukaa humo siku 35, kwenye nyuzijoto 2 hadi 6. Mlangoni mwa friji ile palibandikwa karatasi ya joto, imejazwa kwa peni asubuhi na jioni, na siku moja umeme ulipokatika palikuwa pameandikwa kwa wino mwekundu saa jenereta lilipowashwa. Ndani mlikuwa na chupa mbili za kundi la mdogo wangu, B chanya. Mbili hizo ndizo zilizokuwa zimemsubiri.

Mimi ni kundi O, nikauliza kwa nini isitumike ya O, si tuliambiwa shuleni inaingia kwa kila mtu? Jibu lake lilinifungua macho. Chembe za O hazina alama ya A wala B, kwa hiyo hazimgombanishi mtu. Lakini plazima ya mtu wa O imejaa kingamwili za kupambana na A na B. Ukimpa mgonjwa chembe nyekundu tupu za O, plazima imeondolewa, hakuna tatizo kubwa. Ukimpa damu nzima ya O, unammiminia pia kingamwili zinazoweza kuzivunja chembe zake mwenyewe. Ndiyo maana damu nzima hutakiwa ifanane kundi na ya mgonjwa. Jeshi la Marekani hutumia damu nzima ya O kwa majeruhi wa kila kundi, ila kwanza hupima na kuchagua wachangiaji ambao kingamwili zao ni hafifu. Makundi haya yalitambuliwa na Karl Landsteiner kule Vienna, matokeo yakachapishwa 1901. Kabla yake kumwongezea mtu damu kulikuwa bahati nasibu. Siku ya wachangia damu duniani, 14 Juni, ndiyo siku aliyozaliwa.

Chupa ya tatu ilipatikana kwa simu. Maabara ya hospitali yetu ilipiga kwa hospitali nyingine ya jirani, ikawekwa kwenye boksi la barafu, ikaja na gari la wagonjwa. Sikujua kama jambo hilo linawezekana. Ukiambiwa "hakuna kundi lako", usikimbilie getini. Uliza kwa adabu kama hospitali za karibu zimeshapigiwa.

Daktari wa upasuaji alikuwa na akiba nyingine kichwani. Alituambia kwamba kama damu ingekosekana kabisa, angechota ile iliyomwagika tumboni, akaichuja kwa shashi, akaiweka kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda, akamrudishia mwenyewe. Kwa mimba ya nje ya kizazi iliyopasuka karibuni hilo hufanyika sehemu nyingi zenye uhaba, na limewaokoa wengi.

Kisha likatokea jambo la mpira. Damu haipiti kwenye mpira wa dripu ya kawaida. Ina mpira wake wenye kichujio ndani ya kile chumba cha matone, cha kuzuia vibonge visiingie mshipani. Chupa ya kwanza ilifika thieta, nesi akafungua kabati, mipira imekwisha. Nikatumwa duka la dawa. Muuzaji, nusu usingizini, akanipa wa dripu; nikamwambia hapana, wa damu, wenye wavu ndani. Nimeshika simu inamulika kabati, natafuta wavu. Wakati huo mama wa maabara alikuwa ameshaichukua chupa akairudisha kwenye friji, kwa sababu ikishatoka inatakiwa ianze kuingia kwa mgonjwa ndani ya dakika 30, na ikishaanza isizidi saa 4. Ikikaa juu ya meza ya wodi kwenye joto la Tanga, bakteria huanza kazi, na hairudishwi tena. Kwa hiyo kabla hujakubali chupa itoke maabara, uliza: mpira upo? Mshipa umeshapatikana? Na kinachoruhusiwa kupita kwenye mpira ule pamoja na damu ni maji ya chumvi tu. Maji ya sukari huzivunja chembe, na yale ya Ringer yana kalsiamu inayoweza kuigandisha damu humo humo mpirani.

Alitoka thieta kabla ya adhana ya alfajiri. Mrija mmoja uliondolewa, mwingine mzima.

Gharama zilikuwa hivi. Damu yenyewe haikutozwa senti. Tulilipia mpira, vipimo, upasuaji, gari la kukodi kwenda na kurudi, soda na chapati za wachangiaji, bodaboda za usiku. Ukiacha upasuaji, zilikwenda kama Sh150,000, na nusu yake ilikuwa usafiri wa watu ambao wengi wao hawakufaa kuchanga. Tungewauliza umri, uzito, dawa wanazotumia na kama wamekunywa kabla ya kuwapakia garini, tungebaki na fedha ya maana. Na dai risiti ya kila kitu. Kuna mtu alitaka "ya maji" ili faili letu litembee. Shemeji alimpa. Faili halikutembea haraka zaidi.

Mama alikuja kuugua mwaka uliofuata, na hapo ujuzi wetu nusura utuletee balaa.

Ana miaka sabini na kitu. Magoti yalimtesa muda mrefu, akawa anameza diklofenaki za dukani kila siku kwa miezi, nyingine kabla ya kula. Vidonda vikafunguka tumboni, vikawa vinavuja taratibu, choo cheusi ambacho aliona haya kututajia. Akawa mchovu, anatafuna udongo kama mjamzito, akipanda ngazi mbili anakaa. Kipimo kikasoma kama cha mdogo wangu, 5. Sisi tukafika na wachangiaji tuliowachuja vizuri, tena tukadai damu nzima, chupa tatu, upesi. Kaka yangu mkubwa akataka kugombana na daktari aliyesema ataanza na moja, na si nzima.

Daktari alituacha tumalize, ndipo akauliza: amepoteza lini? Mama hakuwa amemwaga damu usiku mmoja. Kwa miezi mwili wake ulikuwa umefidia, mishipa imejaa maji, chembe tu ndizo zilizopungua, na moyo umechoka kwa kupiga mbio. Kumjazia damu nzima kwa haraka kungeongeza mzigo wa maji, yakajaa kwenye mapafu, akazama akiwa amelala kitandani. Alihitaji chembe nyekundu peke yake, polepole, karibu saa 4 kwa chupa moja, na sindano ya kumkojoza. Mdogo wangu kwa 5 alikuwa anakufa kwa kukosa vyote; mama kwa 5 hiyo hiyo angeweza kuuawa na vilivyozidi. Namba ya mashine ni moja, ugonjwa ni miwili.

Mashine ya kutenganisha hapakuwa nayo, lakini kulikuwa na mfuko uliosimamishwa kwenye friji kwa siku kadhaa bila kuguswa. Nilionyeshwa. Chini damu nzito nyeusi nyeusi, juu plazima rangi ya mafuta ya alizeti, na katikati utando mwembamba wa kijivu ambao ndimo chembe nyeupe na chembe sahani zilipotulia. Plazima ikakamuliwa taratibu kwenda kwenye kimfuko cha pembeni kilichoungwa kwa mpira wake, bila kufungua chochote. Kilichobaki ndicho alichopewa mama. Mtu mzima akipewa chupa moja, kipimo hupanda kama 1 hivi. Ukiambiwa ni 5 usitegemee kuona 12 kesho.

Dakika za mwanzo usitoke kando ya kitanda. Robo saa ya kwanza nesi alipima joto, presha na mapigo, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Haukupita muda mama akaanza kutetemeka, meno yanagongana. Mgonjwa wa kitanda cha pili akamtupia blanketi, mwingine akasema ni malaria imepanda. Nikamwita nesi, akafunga kile kidude cha kwenye mpira kabla hata hajauliza. Damu ikasimamishwa, mshipa ukabaki wazi kwa maji ya chumvi, akaulizwa kama kiuno au kifua kinamuuma, mkojo ukatazamwa kama umekuwa mwekundu au mweusi. Chupa na mpira wake vikarudi maabara pamoja na sampuli mpya ya mama. Ikagundulika ni homa ya kawaida ya kuongezewa damu, isiyotokana na kutofautiana kwa makundi. Aliendelea na chupa nyingine kesho yake bila shida. Lakini ingekuwa lile tatizo baya, kila mililita iliyozidi ingekuwa na maana. Kutetemeka, kuwashwa, kukosa pumzi, maumivu ya kiuno, mkojo mweusi, au mgonjwa tu kusema "sijisikii vizuri, kuna jambo": ita, na omba damu isimamishwe kwanza, maswali baadaye. Chupa isitupwe.

Balaa lile lingine, la kutofautiana kwa makundi, mara nyingi huanzia kwenye kalamu. Wodini mle walikuwamo kina mama wawili wa jina moja, na majina ya baba zao yalifanana pia, jambo la kawaida kabisa Uswahilini. Nesi alikuwa na vichupa viwili mezani, anataka kuviandika akishamaliza kuchukua vyote. Binti wa yule mama mwingine ndiye aliyesema, "Sista, namba ya faili yetu inaishia na 7." Kichupa kiandikwe pale pale kitandani, kwa namba na si jina peke yake, na chupa ikija, namba ya kwenye karatasi, ya kwenye mfuko na ya kwenye faili zisomwe kwa sauti na watu wawili. Nasi tulisimama hapo tukasikiliza. Hakuna aliyetukemea.

Siku ya kutoka alikuja kijana wa utafiti akiomba mabaki ya sampuli ya mama na nyongeza kidogo, kichupa kimoja cha mfuniko wa zambarau. Shangazi akanishika mkono: "Mumiani hao." Wazee wa pwani wana kumbukumbu ndefu na sikumlaumu. Nikamuuliza kijana: mililita ngapi? Kwa nini damu nzima na si maji yake? Itahifadhiwa wapi, itasafirishwa nje? Kibali cha utafiti cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kiko wapi? Tukikataa, matibabu ya mama yatabadilika? Alijibu yote, kibali akakionyesha. Mfuniko wa zambarau una dawa ya kuzuia kuganda, kwa hiyo chembe hubaki nzima na kuhesabika, na chembe nyeupe hutolewa vinasaba. Mfuniko mwekundu wa kawaida hauna dawa hiyo, damu huganda na kinachobaki juu ni seramu, isiyo na chembe hata moja. Kila swali la kisayansi lina kichupa chake.

Nikamweleza shangazi habari za Kilifi, kwa sababu ana wajukuu kule. Damu ya watoto wa Kilifi iliyochunguzwa na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao ilisaidia kuonyesha kwamba wenye kundi la damu linaloitwa Dantu, ambalo sehemu nyingi duniani ni adimu, chembe zao nyekundu zina ngozi iliyokaza zaidi, kimelea cha malaria kikishindwa kupenya. Ilichapishwa 2020. Na vimelea vyenyewe, vya aina ile inayoua, tangu 1976 vinafugwa maabara ndani ya chembe nyekundu za binadamu, maana bila hizo haviishi. Dawa na chanjo nyingi hujaribiwa hapo kwanza. Mama akakubali, akaweka dole gumba. Shangazi hakukubali, ya kwake haikuchukuliwa, na hilo pia ni sawa.

Sasa ukoo tuna orodha kwenye simu: jina, kundi, tarehe ya mwisho kuchanga, na nani yuko kwenye dawa gani. Wanaume kila baada ya miezi 3, wanawake kila baada ya miezi 4. Hatuendi wote pamoja tena, kwa sababu ya zile siku 35. Noah nzima ikichanga siku moja, chupa zisipotumika zinaharibika siku moja pia. Tunagawana miezi. Binamu wa konyagi yuko kwenye orodha, yeye huenda asubuhi. Ukitaka kuanza na wewe, maabara ya hospitali ya wilaya itakuelekeza, au nenda kituo cha kanda cha damu salama kama uko Dar es Salaam, Mwanza, Moshi, Mbeya, Tabora au Mtwara. Kula kwanza, kunywa maji mengi, na chukua kadi yako: imeandikwa kundi, na kundi hilo ni vizuri mkeo au mumeo alijue pia.